Madam Bochaberi, Mdhamini wa Alhamisi Zetu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Tecla Bochaberi anastaafu baada ya kututumikia miaka ishirini na minne katika Shule yetu ya Sheria hapa Kericho. Kwenye karatasi za ajira yeye ni karani. Kwetu sisi ni Madam Bochaberi, mwenye semina ya Alhamisi, na mhadhiri yeyote aliyewahi kusoma andiko lake mbele yetu kuhusu mikataba, fedha au uchumi wa dunia anajua vizuri nani alikuwa bosi.

Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa majani chai, wazazi wake wakiwa wametoka Kisii kuja kuchuma. Alifika kwetu mwaka wa 2001 kama mpiga chapa. Miaka miwili baadaye aliombwa aishikilie semina kwa muda tu, kwa sababu aliyekuwa akiisimamia alikuwa amehamia Nairobi. Muda huo ndio unaoisha wiki hii.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitoa semina saa tisa na kuileta saa nane. Wasomi walinung'unika kwamba ndiyo kwanza wametoka kula. Yeye akawauliza kama wanaweza kushindana na mabati. Mvua ya Kericho huingia saa kumi bila kubisha hodi, na ikishaanza juu ya paa letu, hata mwenye sauti ya mhubiri hasikiki. Tangu hapo semina huisha saa kumi kasorobo, mtu awe amemaliza hoja au hajamaliza.

Kumbukumbu zake za semina zina sifa zake. Profesa mmoja mgeni alitumia saa moja na nusu kueleza jinsi mabenki ya ng'ambo yalivyoanguka mwaka wa 2008. Madam aliandika mstari mmoja: mgeni alisema benki ziliwakopesha wasioweza kulipa, halafu zikashangaa. Profesa aliomba nakala akaenda nayo kwao. Siku nyingine Dkt. Kipyegon alizungumza kuhusu mikataba ya wakulima, na sisi Wakipsigis, d na t kwetu ni mtu na ndugu yake. Kumbukumbu zikatoka zikisema kwamba mkulima aliyevunjiwa mkataba ana tai, si dai, mbele ya korti. Madam alikataa kufuta, akasema yeye huandika alichosikia. Alhamisi iliyofuata Dkt. Kipyegon alikuja amevaa tai nyekundu, na hajaivua mpaka leo.

Sasa nifike mwaka wa 2016, maana bila huo wasifu huu ni nusu. Semina ilikuwa imedhoofika. Alhamisi tulikuwa watu saba, na wa saba alikuwa Mzee Nyang'au wa getini aliyefuata mandazi. Madam akapokea barua kwamba kikao kijacho kisipopata watu arobaini, semina ifungwe, na yeye arudi kupiga chapa. Hakulalamika. Aliikunja barua ile akaitia ndani ya daftari la mahudhurio, na kwa wiki nzima hakutania mtu. Ofisi ilipoa, jamani.

Kama haitoshi, mvua ya mawe ikatoboa paa la ukumbi wetu. Madam akaomba ukumbi wa kanisa kwenye mji wa Kapkatet. Mzungumzaji alikuwa Dkt. Onchiri, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na mada yake ilikuwa dhamana katika mikopo ya kimataifa. Madam akatengeneza tangazo. Neno DHAMANA alilipa herufi kubwa, chini yake akaweka bure, wote karibu, na yale ya mikopo ya kimataifa yakabanwa pale chini kwa herufi za mchwa. Akalibandika sokoni, akawapa na watu wa boda boda.

Kila msomaji wa Kapkatet anajua dhamana ni nini. Ni ile ya kumtoa mtu wako korokoroni. Walikuja watu mia moja thelathini na wawili. Mama mmoja, Rodah, alikuja na hatimiliki ya shamba ndani ya Biblia, tayari kumtoa shemeji yake. Dkt. Onchiri alipoanza na soko la fedha la dunia, watu walitazamana, na viti vya nyuma vikaanza kusogea.

Hapo Madam alisimama, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika semina. Alisema kosa ni lake, na anayetaka kwenda aende, ila anywe chai kwanza. Halafu akaomba kila aliyewahi kutia sahihi kama mdhamini wa mkopo wa jirani kwenye sacco ainue mkono. Mikono iliyobaki chini ilikuwa ya wanafunzi wetu. Hakuna aliyeondoka. Dkt. Onchiri alifunga kompyuta yake akafundisha mpaka mvua ikaja ikapita. Mama Rodah ndiye aliyemkwamisha: mdhamini anamdhamini mtu, au anadhamini neno la mtu? Daktari alikiri hajui, akaenda kulifanyia utafiti mwaka mzima. Shemeji naye alitoka wiki ile ile, kwa sababu wanafunzi wawili walimsindikiza Mama Rodah hadi kortini, na hatimiliki ikarudi kwenye Biblia.

Tangu siku hiyo semina imekwenda Bomet, imekwenda Kiptere, na haijawahi kukosa watu.

Ile barua niliiandika mimi. Nilikaa nyuma kabisa pale Kapkatet kuhesabu watu, nikihesabu na kurudia, na niliona aibu. Madam alijua sahihi ni ya nani. Kwa miaka tisa hajawahi kunitajia, na chai yangu huitia sukari vijiko viwili bila kuuliza. Asante, Madam. Nilichelewa kusema.

Alhamisi iliyopita alinikabidhi vitu kwa orodha: funguo mbili, daftari kumi na moja, chupa nne za chai. Chini kabisa, kwa mkono wake, alikuwa ameongeza kwamba semina haitakufa, na baada ya hapo neno moja, Mdhamini, na mstari mtupu. Nilisoma karatasi yote mara mbili, kama alivyotufundisha, kisha nikatia sahihi.

Nenda salama Kiptere kwa ng'ombe wako wawili, mama yetu. Ule kwa raha, ulale bila kengele, na mvua ya saa kumi ikukute ndani. Ikipita Alhamisi moja bila semina, una dai juu yangu. Njoo, nitakupokea nimevaa tai.

Kipkurui, Naibu Msajili