Salamu Zinazokunywa Maji

Usinikunjie uso. Kama huamini, kaa na kutoamini kwako. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Siku hiyo benchi la kijiwe tuliliingiza ndani ya kibanda cha Fundi kwa sababu mvua ilitufukuza nje. Fundi alianza na redio akiwa kijana. Sasa anatengeneza simu, na chini ya meza ana beseni limejaa simu zilizokufa. Zamani redio moja ililea watoto sita katika nyumba, na betri zikichoka tulizianika juu ya bati zikapata nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Siku hizi simu inakufa mtoto hajaacha ziwa. Tulikuwa wanne: Fundi, Dereva ambaye gari lake halijatembea siku nyingi, shemeji yangu aliyemuoa marehemu mdogo wangu, na mimi mwenye birika la kahawa.

Dereva ndiye aliyeanza. Alisikia kwamba picha na salamu tunazotumiana hazikai hewani. Zinawekwa kwenye majumba ya mashine huko mbali, na mashine zile hula umeme usiku na mchana, zikipata joto zinapoozwa kwa maji. Fundi akasema hilo ni kweli. Wangeishia hapo, tungemaliza kahawa kwa amani.

— Basi yale maua ya “asubuhi njema” unayonitumia kila siku, Fundi, yanakunywa maji kuliko maua ya shambani.

— Na video zako za mieleka je? Hizo zinaoga kabisa.

— Ndiyo maana bomba letu linakohoa tu.

Kufika kikombe cha pili, Dereva alishasema kuwa mvua za mwaka jana zilichelewa kwa sababu ya picha za harusi ya binti wa Fundi. Fundi akajibu kwa methali, na methali kwake ni kama bisibisi, anaichomeka popote.

— Mficha uchi hazai. Kwa hiyo tufute zote.

Wakatoa simu, wakaanza kufuta. Niliwaambia kwamba zamani salamu zilikuwa na miguu. Mdogo wangu akienda bombani asubuhi alipiga hodi milango kumi na mmoja, ndoo mkononi, na maji aliyopoteza ni yale tu yaliyomwagika akicheka. Hawakunisikia. Mwanamume akipata kazi ya vidole masikio yanafunga duka.

Shemeji naye alikuwa anafuta. Ni mtu wa kutii. Ukimwambia afute vumbi, anafuta mpaka rangi ya meza. Alibonyeza, akabonyeza, kisha kidole kikasimama.

— Shemeji, akaniambia, imefutika hata ile sauti ya chumvi.

Sote tuliijua. Wiki moja kabla hajafariki, mdogo wangu alimtumia ujumbe wa sauti wa kumwagiza chumvi dukani, mmoja tu maishani mwake, maana simu hakuipenda. Miaka minne shemeji aliusikiliza kila asubuhi kabla hajanawa uso. Fundi akaichukua simu, akaifungua, akaipuliza, akaifunga. Hakuna kitu. Dereva akasema haba na haba hujaza kibaba. Tukamtazama.

Hapo akaingia mama mmoja, mgeni kwetu, amelowa chapachapa, anatafuta betri. Alituona tulivyoinama akauliza kuna msiba gani, Fundi akamweleza kwa kifupi. Mama yule akauliza tena.

— Na maji, yamerudi?

Fundi akaangalia beseni lake. Dereva akaangalia ndani ya kikombe. Shemeji alikuwa ameishika ile simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kifaranga.

Mimi si mtu wa kubembeleza. Lakini mimi na mdogo wangu tulitoka tumbo moja na sauti moja. Tukipiga hodi, hata mama yetu mzazi alikuwa akiuliza ni nani kati yetu. Nikalitikisa birika: tupu. Nikalibeba, nikafika mlangoni, nikasema bila kugeuka:

— Baba watoto, ukirudi pitia dukani uchukue chumvi. Na usingoje mpaka kahawa iishe, nakujua mimi.

Nikatoka, nikaufunga mlango, maana mvua ilikuwa inaingia.