Mwalimu Nkwabi na Benchi la Baraza

Tarehe 30 Juni 1957, Mwalimu Selestine Nkwabi, mlezi wa wanafunzi katika chuo chetu cha ualimu, atastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Ataondoka na baiskeli yake, ambayo hajawahi kumwazima mtu, hata mkuu wa chuo.

Alipoanza kazi, mwanafunzi mkosaji alichapwa viboko au alifungashwa virago. Mwaka 1946 Mwalimu Nkwabi akaanzisha baraza la nidhamu. Mkosaji huketi benchini na kusema wa kwanza, kwa Kisukuma ikiwa Kiswahili kinamkwamisha, aliyekosewa hufuata, kisha wote huamua kosa lirekebishwe vipi. Mwanafunzi Marcel na wenzake wa Geita walipochimba nyuma ya jiko wakitafuta dhahabu, baraza liliwaamuru walimalize shimo liwe la taka, kisha wawafundishe wenzao kutofautisha dhahabu na ulanga, jiwe linalometameta tu lisilo na thamani yake. Shimo hilo tunalitumia mpaka leo.

Mwaka 1954 mwanafunzi Mageni alichelewa kurudi kutoka likizo kwa siku tatu, kucha zimejaa udongo mwekundu. Mwalimu Nkwabi alikuwa amewachoka watoro wanaokimbilia machimboni. Alimzaba kofi mbele ya darasa kabla kijana hajafungua kinywa. Jioni tukapata habari kwamba Mageni alikuwa ametoka kuchimba kaburi la baba yake.

Kesho yake Mwalimu aliitisha baraza, akaketi benchini yeye mwenyewe. Sisi walimu tulimsihi asifanye hivyo, maana tuliamini hakuna mwanafunzi atakayemheshimu tena. Hakutusikiliza. Alieleza kosa lake bila kujitetea. Mageni alimwamkia kwanza, kisha akasema hana anachodai, ila mama yake, ambaye bado yuko matangani, asije akasikia kwa majirani kwamba mwanawe amepigwa kwa utoro.

Mwalimu akapanda baiskeli, akaenda kumweleza mama huyo ana kwa ana. Alikaa matangani siku mbili, akipasua kuni pamoja na wanaume wa pale.

Mwalimu, tunakushukuru, hasa sisi tuliokupinga siku ile. Tunakuombea afya njema, mvua za kutosha shambani na usingizi usiokatizwa na kengele. Heshima tuliyohofia ungeipoteza tuliiona mwaka uliofuata, Mama Mageni alipomleta chuoni mwanawe wa pili. Alimpita mkuu wa chuo, akanipita na mimi, akakukabidhi wewe kijana wake, akisema nyumbani hawana tena baba.

Donatus Masanja, mwalimu wa hesabu