Paa Lililonyimwa Nyasi

Wapendwa, sitaanza na wimbo, koo langu limezeeka. Nitaanza na mvua.

Mnanijua kama mwanamke wa kwanza huku kwetu kuandika hadithi zikasomwa redioni. Najivunia, sifichi. Na nilifika darasa la nne tu! Lakini hamjui vile hizo hadithi zilitaka kunizika.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya nilipofiwa na mume, karibu na soko la Rodi Kopany. Desturi mnaijua. Mjane ambaye hajarithiwa na shemeji, paa lake haliguswi. Atakayeliezeka anajiletea chira, ile laana ya kukonda mpaka kufa. Na mwanamke kupanda juu ya nyumba? Hiyo ni kukiita kifo kwa jina. Mimi nikakataa kurithiwa. Basi nyumba ikaanza kuoza, mimi na mtoto wangu ndani.

Ndugu zangu, nyumba inayooza ina sauti. Mchwa wanatafuna, nyasi zinadondoka kama nywele za mgonjwa. Watu wakifika kwangu wananyamaza, wakipita wanaongea tena. Mtoto akaanza kukohoa. Nami nikaandika, kwa karatasi za kufungia sukari, hadithi ya mjane anayenyeshewa. Nikaituma kwa watu wa redio. Siku iliposomwa, soko lote lilisikia.

Shemeji akaja na wenzake. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nyar Rangwe," akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "umetuanika. Sasa hiyo kalamu itakupandia juu ya nyumba?"

Wakacheka. Nikamjibu, "Afadhali kalamu. Haina bibi mwingine."

Akaacha kucheka. "Chira haijui kusoma. Inakuja tu. Nyumba ikianguka, tutachimba mashimo mawili."

Mvua kubwa ikaja. Nguzo ya katikati ikapasuka nikiisikia. Mtoto akawa anapumua kwa kelele. Nikamfunga mgongoni, niende nimwambie shemeji ameshinda.

Hapo mama mkwe akaingia. Tangu mazishi hakuwa amenisalimu.

"Nisomee ile ya redio."

Nikasoma, maji yakitudondokea. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama mbona umemwacha kwenye mvua?"

"Mama, sikujua nani atamwezekea."

"Mjinga wewe! Lete ngazi."

Akapanda, mzee yule, miguu kama vijiti. Akapaza sauti boma lote lisikie: "Nimezika waume wawili! Chira ikitaka mtu, ianze na mimi!"

Kina mama wa kanisa wakaja na nyasi, mmoja mmoja. Hakuna aliyethubutu kupanda, lakini walimpitishia.

Halafu tukangoja chira. Mama mkwe akikohoa, watu wanatazamana. Akichelewa kutoka asubuhi, shemeji anatuma mtu kuchungulia. Hata mimi nilikuwa natega sikio mlangoni kwake kabla sijabisha. Lakini alivuna mtama, akavuna tena, na tena. Kifua cha mtoto kikapona. Mimi nikaandika mpaka hadithi zikawa vitabu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule. Na nyinyi mliopitisha nyasi, mko hapa, siwataji, mnajijua.

Nawaambia hivi: mjane akinyeshewa, usimwendee na maombi mikono mitupu. Beba nyasi, ndio uombe.