Siku ya Nne Bila Namba Saba

Benchi letu liko mbele ya lango la kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Siku hizi humo ndani mna fleti zenye vioo, na kibanda cha mlinzi kimegeuka saluni. Tuliobaki tunakunywa kahawa hapa kila asubuhi: Spana, aliyekuwa fundi mitambo, Mama Rangi, wa chumba cha kutia rangi, mimi, mfunga marobota, na Namba Saba. Enzi zile mashine zilinguruma hata jina halisikiki, kwa hiyo mfumaji aliitwa kwa kuonyeshwa vidole, kwa namba ya mashine yake. Mashine ziliuzwa, namba ikabaki. Leo ni siku ya nne Namba Saba hajaonekana.

SPANA: Kahama huyo. Si wanabomoa nyumba zetu za wafanyakazi?

MAMA RANGI: Aondoke bila kuaga? Spana, kichwa chako kimelegea nati.

SPANA: Basi kajificha humo fletini. Anajua kila ufa wa jengo lile.

MAMA RANGI: Mimi nasema wenye fleti wamemchukua. Wamemsimamisha ukumbini na ovaroli yake, wageni wapige naye picha.

SPANA: Na mashine je?

MAMA RANGI: Kapewa ya kuuzia soda.

Tulicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Binti mmoja mwenye sare nyeupe alikuwa amesimama mbele yetu.

— Shikamooni. Mimi ni muuguzi. Kuna mzee aliangukiwa na ukuta kule kunakobomolewa. Hajitambui. Jirani aliyemleta hamjui kwa jina, ila anasema huwa anakaa nanyi.

— Marahaba, mwanangu. Ni wetu huyo, akasema Spana, tayari amesimama.

— Afadhali, akasema, akitoa karatasi na kalamu. Daktari anataka kumpasua leo, nasi tunawatafuta ndugu zake. Anaitwa nani?

— Namba Saba.

— Jina lake, baba.

Spana akanitazama. Nikamtazama Mama Rangi. Miaka thelathini na moja pamoja! Nilikijua kikohozi chake kabla hajakunja kona. Nilijua goti lipi linamuuma. Jina, sina.

— Mmoja wenu tu, muuguzi akasema taratibu. Hata la ukoo.

Mama Rangi aliweka kikombe chini.

— Spana, akauliza, langu unalijua?

Spana akaketi tena. Kalamu ya binti yule ilikuwa bado juu ya karatasi.