Klementina Ngayonga (1971–2025) na Picha Iliyousoma Moyo Wake

Watoto wa ukoo huu, akiwamo anayesoma wasifu huu, walimjua marehemu Klementina kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Msimu wa kuamia ndege ulipofika alipanda juu ya dungu katikati ya mpunga, akavuta pumzi na kuita mara moja tu. Kundi zima la ndege liliinuka, na wenye mashamba ya jirani waliacha kupiga madebe yao, kwa sababu mwito ule uliwatosha na wao.

Klementina alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Namawala, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Melkiori Ngayonga na marehemu Mama Philomena. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha akajifunza ushonaji kwa masista hapa Ifakara. Mwalimu wake wa cherehani alikuwa akisema kwamba msichana huyu hushona vizuri lakini huimba hadi anasahau kukata uzi.

Kazi ya maisha yake ilikuwa mpunga. Alilima, alipandikiza, aliamia na kuvuna kila mwaka, na miezi ya kiangazi alishona sare za shule na nguo za kwaya. Katika kwaya ya parokia aliongoza sauti ya kwanza kwa zaidi ya miaka ishirini.

Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa takatifu na Kassian Likwela, ambaye wakati huo alifanya kazi katika mashamba ya miwa. Kassian husimulia kwamba alipokwenda kujitambulisha alimkuta Klementina shambani, juu ya dungu, akasimama chini kumwamkia.

"Ongea kwa sauti," Klementina alimwambia, "au unaogopa ndege?"

Walijaliwa watoto wawili, Joachim na Agnella.

Mwaka 2016 mguu wake wa kushoto ulivimba. Katika bonde letu mguu ukivimba kila mtu ana jina tayari: matende. Majirani walisema hivyo, ndugu walisema hivyo, na Klementina mwenyewe, aliyewaona wengi wenye matende tangu utoto, hakuona sababu ya kubisha. Alijishonea sketi ndefu akaendelea na kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba damu ilikuwa imeganda ndani ya mguu ule, na kwamba mabonge yake yalikuwa yakisafiri kidogo kidogo kuelekea mapafuni.

Msimu wa mwaka 2018 aliita ndege na mwito ukakatika katikati. Akajaribu tena, akaketi. Tangu siku hiyo hata kutoka kisimani ilimlazimu kupumzika njiani. Alipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Mwezi Mei 2019 alipewa rufaa kwenda Dar es Salaam, akachomwa dawa ya kung'arisha mishipa na kulazwa ndani ya mashine ya CT scan.

Aliyeisoma picha yake ni Daktari Fulgensi, kijana mpole mwenye sauti ya chini.

"Mama, umewahi kuvimba mguu?"

"Nina matende, baba. Ni ya kwetu huko, usishangae."

"Mama yangu, matende hayaendi mapafuni. Hebu sogea hapa uone."

Akawageuzia kioo. Klementina na Kassian wakayaona mapafu yake yakiwa na mishipa iliyogawanyika kama mito ya Kilombero wakati wa masika, na mahali ambapo mito ile ilikuwa imezibwa. Kwa kuwa damu haikupata njia, upande wa kulia wa moyo ulikuwa umesukuma na kusukuma hadi ukatanuka, ukaugandamiza upande wa kushoto.

"Daktari," Kassian aliuliza, "moyo ukishatanuka hivyo, unarudi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Upasuaji wa kutoa mabonge yale ni mkubwa, na wapo wasioamka. Kama moyo haungerudi, Klementina angehatarisha uhai wake bure.

"Picha hii ndiyo inayotusaidia kukisia," alijibu daktari. "Mabonge makubwa yako karibu na moyo, kisu kinayafikia. Wenye picha ya namna hii, wengi wao moyo hunywea ukarudi. Ila huku pembeni kuna madogo ambayo kisu hakifiki. Sitakudanganya mama, hayo yanaweza kukusumbua baadaye."

"Baadaye lini?"

"Picha haijui tarehe."

"Kumbe hata wewe na mashine yako kuna mnachomwachia Mungu," alisema Klementina. "Haya, nipasueni."

Alipasuliwa tarehe 17 Juni 2019 na timu ya wataalamu wageni na wenyeji. Waliupoza mwili wake, wakausimamisha moyo, wakabandua mabonge kutoka ndani ya mishipa ya mapafu. Baadaye alionyeshwa yalivyokuwa: yenye matawi, kama mizizi ya mpunga uliong'olewa topeni. 

Mwezi Desemba alipigwa picha nyingine, na daktari akaziweka mbili sambamba.

"Huyo mnene ni nani?" Klementina aliuliza.

"Ni moyo wako wa zamani, Mama Joachim," Kassian alimjibu. "Wa sasa ni huyu mwembamba."

Moyo ulikuwa umerudi kama ulivyotabiriwa. Mwezi Aprili 2020 alipanda dunguni akaita, na Namawala nzima ikamsikia. "Ndege walishazoea likizo," Kassian aliwaambia majirani. "Sasa wataisoma namba." Marehemu aliishi hivyo misimu mitano, akalima, akaimba, akamwoza Joachim.

Mwishoni mwa mwaka 2024 pumzi ilianza tena kupungua. Picha mpya ilionyesha kwamba tatizo lilikuwa palepale pembeni, mahali ambapo Daktari Fulgensi alikuwa ameweka kidole miaka mitano nyuma. Safari hii kisu hakikuwa na la kufanya. Klementina hakulalamika. "Alinionyesha mapema," alisema. "Nimepewa nilichoahidiwa."

Mwezi Machi mwaka huu alisikia kwamba mdogo wake, Dorika, anayeishi kijiji cha Mbingu, amevimba mguu na anahema akipika, na kwamba watu wanasema ni matende. Ingawa mwenyewe alikuwa amedhoofika, alimfuata, akampandisha basi hadi Dar es Salaam. Picha ya Dorika ilionyesha mabonge ya karibu tu, na pembeni kweupe.

"Yako nzuri kuliko yangu," alimwambia. "Usije ukaichezea."

Jumatatu iliyopita Dorika alilazwa kusubiri wataalamu ambao hawaji mara mbili kwa mwaka. Siku hiyohiyo Klementina alizidiwa, akalazwa hapa Ifakara. Dorika alipiga simu akilia.

"Dada, nakuja."

"Ukija nani atakupokea? Mimi nitakuwa nimelala. Kaa hapohapo, na wakinizika usitoke."

Alifariki dunia Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025, Kassian akiwa amemshika mkono. Katika ukoo wetu ndugu wa tumbo moja ndiye hutangulia kutupa udongo, na kwa Klementina amebaki Dorika peke yake. Leo, kwa agizo la marehemu, nafasi hiyo itaachwa wazi.

Marehemu ameacha mume, Kassian. Watoto wawili, Joachim na Agnella. Mkwe mmoja, Aneth. Na mdogo wake, Dorika. Mungu ampokee Klementina na kumpa pumziko lisilokatika.

Jumanne saa mbili asubuhi Dorika ataingizwa chumba cha upasuaji. Daktari Fulgensi ameahidi kutupigia simu mara moyo wake utakapoanza kudunda tena.