Simu Ikiwa Nyekundu

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya bafu langu la kulipia, mtaa mzima unapoogea, hapa Himi, mji wa pwani wa Japani, pembeni ya mashine inayouza kahawa ya moto kwenye makopo. Januari hii theluji imetufika magotini, kwa hiyo kahawa tunainywa taratibu, maana kopo ndilo linalotupasha mikono. Wenzangu ni Mnada, aliyepiga mnada wa samaki maisha yake yote. Bi Redio, ambaye hakosi habari. Na Shigeo, tuliyembatiza Kijani. Kijani alihamia kampuni mpya ya umeme ambayo bei yake inafuata soko na kubadilika kila nusu saa. Simu ikionyesha kijani, umeme rahisi, anapika. Ikiwa nyekundu, anazima kila kitu. Zamani tulimcheka. Wiki hii ni nyekundu tupu, na mkewe Fumi anapumua kwa mashine ya oksijeni.

— Bado nyekundu? — Bi Redio akauliza.

— Tangu alfajiri, — Kijani akajibu.

— Wanasema gesi ya mitambo ya umeme imepungua. Meli hazijafika.

— Meli gani, wewe mama, — Mnada akadakia. — Soko la umeme ni mnada, ila mnada uliolaaniwa. Samaki wa mwisho kununuliwa, yule ghali kuliko wote, ndiye anayepanga bei ya samaki wote. Sasa mwenye mashua nyingi, yaani mitambo, anafanyaje? Anaficha mbili bandarini, anasema injini mbovu. Bei inaruka, zilizobaki zinamvunia.

— Na duka la kuuzia pia ni lake, — nikasema.

— Ndiyo hapo vikampuni vidogo kama cha Kijani vinakufa. Fahali wawili hawakai zizi moja.

— Fahali yuko mmoja tu hapo, Mnada. Wengine kuku, — nikamjibu.

Bi Redio akasogea karibu.

— Mie nimesikia kuna mtu kakaa chumbani anatazama kipimajoto cha mji wetu. Tukitetemeka, anapandisha. Na mita zinasikia. Ukitaja baridi tu, umeumia.

Siku nyingine ningecheka. Leo nilijikuta nikitupia jicho mita ya bafu.

— Jamani, mie naogopa, — Kijani akasema. — Ile mashine ikinguruma naona inakula nyumba yetu. Fumi mwenyewe kaniambia niizime. Nimemhamishia kwenye mtungi wa oksijeni wa akiba, usiohitaji umeme, mpaka simu irudi kijani.

— Umefanya la maana, — Mnada akamwambia. — Subira yavuta heri.

Binti anayeuza mafuta ya taa, mgeni mtaani, alikuwa amesimamisha gari lake anunue kahawa. Akageuka.

— Samahani, mzee. Huo mtungi unatosha muda gani?

Kijani akahesabu saa kwa vidole, akainuka na kukimbia kwenye theluji na ndara za bafu miguuni. Binti akaacha gari linaunguruma, akamfuata.

Simu yake ilibaki benchini. Baadaye ikageuka kijani, mwenyewe bado hajarudi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuigusa.