Shangazi Kanuni na Ushuru wa Sabuni

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, bunge litakapovunjwa, Shangazi Kanuni atanyanyuka kwenye kiti alichokikalia miaka ishirini na minne, safu ya tatu upande wa upinzani. Hagombei tena. Wenzangu wa jarida la wafanyakazi wamenipa mimi, mpika chai wa jengo hili, nimwandikie wasifu, eti kwa sababu nimemjua muda mrefu kuliko wote. Ukweli ni kwamba wenye shahada wote walisema wana shughuli. Basi msomaji anivumilie, shule niliiacha mapema.

Jina hilo alibandikwa na upande wa serikali, tena kwa kejeli. Wiki yake ya kwanza alisimama mara kumi na moja, kile kitabu chembamba cha kanuni mkononi, akimweleza Spika kwamba muswada wa kurasa mia mbili haugawiwi saa tatu asubuhi ukapitishwa saa sita mchana. Waziri mmoja akamshauri ajifunze kusoma haraka. Akajibu kwamba haraka anasoma, shida yake ni kwamba anaelewa. Siku hiyo tulicheka hata sisi wahudumu, ambao kwa kazi yetu haturuhusiwi kuonyesha meno.

Kabla ya siasa alifundisha hisabati, na kitabu cha bajeti alikisahihisha kwa kalamu nyekundu kama daftari la mtoto mtoro. Kuna barabara iliyotengewa fedha miaka mitatu mfululizo kwa majina matatu. Hakupiga kelele. Aliomba tu aelekezwe iliko, maana madaktari wamemshauri atembee. Kanuni ya kugawa muswada siku tatu kabla ya mjadala ni jasho lake la miaka tisa, na inafuatwa mpaka leo, isipokuwa siku ambazo serikali ina haraka, yaani karibu zote.

Kura hakuwahi kushinda. Kila kikao kikiisha alikuja kwenye dirisha la jiko langu, akanywa chai ya rangi wima, viatu kavua.

"Kaka, leo wamenipiga tena."

"Kwa kura ngapi, dada?"

"Kwa makelele tu."

Kweli, makelele. Humu ndani kura hupigwa kwa sauti: wa ndiyo wanapaza, wa hapana wanapaza, Spika anaamua nani kamzidi nani. Na Spika wa wakati ule, Mungu amrehemu, sikio lake la upande wa upinzani lilikuwa limeziba tangu ateuliwe. Dawa ipo kwenye kanuni. Wabunge kumi wakisimama kupinga, kengele inalia, waliotoka wanarudi mbio, halafu vinahesabiwa vichwa.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza.

Miaka sita iliyopita serikali ilichomeka ushuru wa sabuni ya mche kwenye muswada wa fedha, kwa karatasi moja iliyogawiwa mchana huohuo. Muswada huo ndio ulionunua viti vya kuzunguka vya mawaziri. Shangazi Kanuni alisema dakika arobaini. Alisema serikali inayotoza ushuru sabuni isinune ikiambiwa inanuka. Spika akamwamuru afute neno "inanuka". Akalifuta, akaweka "haijaoga".

Na siku hiyo angeshinda. Nusu ya upande wa serikali walikuwa wamefuatana na waziri mkuu kukata utepe wa daraja, mbali. Waliobaki walikuwa kumi na tisa. Upinzani walikuwemo ishirini na wawili pamoja naye, na alikuwa amewapitia wenzake mmoja mmoja asubuhi kuhakikisha hakuna atakayeondoka jengoni. Kilichotakiwa ni kumi tu wasimame, kengele ilie.

Chai humu haitolewi mpaka kura ipigwe. Hiyo ni sheria ya jiko, ya zamani kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimechemsha mapema, birika linapoa, na mimi ni mtu wa kupenda kusifiwa. Nikachungulia kwa mlango wa nyuma, nikawaona watu wa upinzani wamekauka midomo tangu asubuhi. Nikainua kikombe. Nikakonyeza. Wakatoka kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, mpaka kumi na watatu. Yeye alikuwa mbele akisoma kifungu, kawapa mgongo.

Spika akatangaza kwamba wa ndiyo wameshinda. Shangazi Kanuni akasimama kupinga, na nyuma yake wakasimama wanane. Spika aliwahesabu kwa kidole mara mbili, bila haraka, kama mtu anayelamba sahani. Tisa. Kengele haikulia. Wengine walikuwa kwangu wananiambia chai ya leo imekolea.

Alipokuja dirishani hakuvua viatu. "Kosa langu, kaka. Niliwapa mgongo. Sikuwahesabu kabla ya kusimama." Nikammiminia chai, nikasema pole dada. Basi. Mdomo huu unaomtania kila mtu humu ndani, siku hiyo ulipata pole peke yake.

Nyumbani mke wangu anaukata mche wa sabuni vipande vyembamba siku hizi, akiilaani serikali. Namwacha ailaani.

Ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini Alhamisi iliyopita, katika hotuba yake ya kuaga, alisema mbele ya bunge zima kwamba jambo linalomuuma katika miaka yote hii ni moja: mwalimu wa hisabati alishindwa kuhesabu hadi kumi, na watu maskini wakalipia. Wakamcheka kwa upendo. Waandishi wakaandika. Sasa limo kwenye taarifa rasmi ya bunge, na huko mpika chai hana ruhusa ya kusahihisha.

Hapa ninayo. Hesabu yako ilikuwa sahihi, dada. Uliwaacha ishirini na mmoja wamekaa, ukawageuzia mgongo kwa kuwaamini, na mimi ndiye niliyewatoa kwa kikombe cha chai.

Tunakushukuru, wa jikoni na wa ghorofani. Ukapumzike, afya ikukae mwilini, wajukuu wakuchoshe vizuri. Na hilo moja litoe moyoni, uniachie mimi. Ni langu.